Mwenyewe Hayupo

Iko nchi moja, na tafadhali msiniulize iko upande gani, kwa sababu kuulizana mahali ndiko kulikowaponza watu wake. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko watu wanaozikumbuka, na ina Wizara ya Anwani, Makao na Mielekeo, ambayo watu hupotea wakiitafuta.

Watu wa nchi hiyo ni wakarimu. Ukipiga hodi watakukaribisha, watakupa kiti na maji, watakuuliza habari za nyumbani kwako. Ila ukitaka kujua kama mwenye nyumba yupo, utajibiwa kwa upole kabisa kwamba mwenyewe hayupo. Na anayekujibu ni nani? Ni mgeni tu, kapita kusalimia. Ndivyo walivyolelewa. Babu zao walijibu hivyo mtoza kodi ya kichwa alipokuja na askari wake, baba zao wakajibu hivyo walipokuja wa kuandikisha vijana jeshini, nao wenyewe wakawajibu hivyo wagombea ubunge, wauza bima na wakwe. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Ilikuwa ni adabu ya mlangoni, kama kuvua viatu.

Aliyeishika adabu hiyo kuliko wote alikuwa Bi Mwantumu Kisauti wa Mtaa wa Vigae, mjane, mpika vitumbua, mwanamke ambaye jicho lake moja lilikuwa dogo kuliko jingine kwa ajili ya kuchungulia dirishani. Nyumba yake aliianza na mumewe. Mume alifariki kuta zikiwa zimefika kwenye madirisha, naye akaimalizia peke yake kwa vitumbua, bati hili mwaka huu, mlango ule mwaka ujao. Humo ndimo alimomlea binti yake, Zawena, mpaka akaolewa mbali. Kitu kingine cha kujivunia duniani Bi Mwantumu hakuwa nacho, na kwa sababu hiyo hakumwamini mtu. Akisalimiwa, alijiuliza aliyemsalimu anataka nini. Mvua ikiwahi, alijiuliza nani kaituma.

Basi siku moja Waziri wa Anwani, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kapalata, alisimama uwanjani akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu taifa letu limekuwa likikaa bila kujua linakaa wapi. Hali hii haikubaliki, na kuanzia leo serikali haiikubali."

Alikuwa na hoja, tumpe haki yake. Idara ya Maji iliiandika nyumba ya Bi Mwantumu kuwa iko mbele ya zahanati. Shirika la Umeme liliiandika kuwa iko nyuma ya zahanati. Polisi wao walisema ni mkono wa kushoto kabla hujaifikia zahanati. Na zahanati yenyewe ilikuwa bado haijajengwa. Ilikuwa imezinduliwa tu, kila uchaguzi kwa utepe mpya. Kwa hiyo Waziri aliamuru anwani zote za idara zote, kuanzia maji mpaka mazishi, ziletwe mahali pamoja, zilinganishwe, ziunganishwe, na kila nyumba ipewe nukta yake kwenye kitu kimoja kiitwacho Ramani Kuu. Atakachokijua mmoja serikalini, wote watakijua.

Watu walipiga makofi, maana walikuwa wamegawiwa fulana. Bi Mwantumu hakupiga. Machale yalishaanza kumcheza.

"Kwa nini wanataka kujua ninapokaa?" alimwuliza jirani yake, Maalim Ngwali, mwalimu mstaafu aliyekuwa barazani akisoma gazeti la juzi kwa kuwa la leo alikuwa bado hajaliamini.

"Wanasema ni ili watuletee maendeleo, Bi Mwantumu."

"Na mtoza kodi ya soko hunipataje kila siku? Yeye hana ramani."

Maalim alikunja gazeti. "Au ni ile barabara," alisema polepole.

Barabara ile kila mtu aliijua, ingawa hakuna aliyewahi kuiona. Iliitwa Barabara ya Heshima. Mtukufu Rais alitaka itoke Ikulu mpaka uwanja wa ndege ikiwa imenyooka, kwa kuwa kona zilimpa kizunguzungu, na watu waliokuwa wamekaa kwenye mnyooko huo ni watu wa Mtaa wa Vigae. Kilichoizuia ni sheria moja ya zamani, iliyotungwa siku ambayo watungaji walikuwa na huruma: nyumba haivunjwi mpaka mwenyewe akabidhiwe barua mkononi. Kila barua zilipopelekwa, mwenyewe hakuwepo. Barabara ikabaki kwenye karatasi, imenyooka vizuri sana.

Msemaji wa serikali alikwisha kueleza kwamba Ramani Kuu na Barabara ya Heshima havihusiani hata kidogo. Aliyaeleza hayo kabla mtu yeyote hajamwuliza.

Haikupita muda, karani wa Wizara akafika Mtaa wa Vigae. Alikuwa binti mmoja aitwaye Sikudhani, mwenye koti la manjano na kishikwambi kifuani, na adabu zake hazikuwa na kasoro.

"Hodi hapa."

"Karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu kiti."

"Ahsante. Samahani, bibi, mwenyewe nimemkuta?"

"Hayupo," alisema Bi Mwantumu, akigeuza kitumbua.

"Na wewe?"

"Mimi mgeni tu."

Sikudhani alitazama ukutani, palipokuwa na picha ya harusi ya mgeni huyo. Akatazama kanga za mgeni kwenye kamba, na kuku wa mgeni waliokuwa wakimzunguka miguuni kwa mazoea.

"Atarudi lini?"

"Angeniaga ningekwambia, mwanangu."

Sikudhani alikuwa mzaliwa wa nchi hiyohiyo. Alijua fika kwamba anazungumza na mwenyewe, kwani hata mama yake mzazi humjibu hivyo kwenye simu. Lakini kishikwambi cha Wizara kilikuwa na sehemu mbili tu za kubonyeza, Yupo na Hayupo, na alichoambiwa ni Hayupo. Akabonyeza. Akala kitumbua, akashukuru, akaenda nyumba ya pili kwa Maalim Ngwali, akamkuta naye ni mgeni.

Ramani Kuu ilipozinduliwa, Waziri alivuta pazia mwenyewe. Nyumba ambayo mwenyewe yupo iliwekewa nukta ya kijani, na ambayo mwenyewe hayupo nukta ya kijivu. Pazia likafunguka. Nchi nzima, kutoka mpaka hadi mpaka, ilikuwa ya kijivu.

Ilikuwepo nukta moja ya kijani, katikati ya mji mkuu, kwenye Hoteli ya Fahari. Hiyo ilikuwa ya Bwana Gunnulf, mshauri mwelekezi aliyeletwa kutoka nchi ya baridi kuja kusimamia Ramani. Alipogongewa mlango wa chumba chake na kuulizwa kama mwenyewe yupo, maskini ya Mungu, hakuna aliyekuwa amemfunda. Alijibu, "Ndiyo, ni mimi."

Mtu mwingine angeona haya. Mheshimiwa Kapalata alikohoa, akakisogelea kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kwa mara ya kwanza katika historia tumegundua kwamba nchi hii haina wenyewe. Haya ni mafanikio makubwa. Wenzetu wa nchi jirani hawajui kama wanao au hawana."

Kisha akatoa amri. Kila nyumba ya nukta ya kijivu ipigiliwe kibao chenye namba na maneno MWENYEWE HAYUPO. Wageni wote waliomo waondoke kabla ya mvua za vuli. Nyumba zitashikwa na Wizara kwa uangalizi, na zitatunzwa na watu waaminifu, ambao kwa bahati njema walikuwa wamekwisha kupatikana na wengi wao walikuwa shemeji zake.

Kibao cha Bi Mwantumu kilipigiliwa asubuhi. Alisimama nyuma ya fundi akiitazama misumari ikizama kwenye mlango alioununua kwa vitumbua vya mwaka mzima, na moyo ukamuuma, ukamuuma kwelikweli, kwa sababu maneno ya kwenye kibao yalikuwa maneno yake mwenyewe.

"Wamenisikia," alimwambia Maalim. "Siku zote nilidhani wanajua kuwa ni adabu."

"Walikuwa wanajua. Mashine ndiyo haijui."

Wakaenda Wizarani wote wawili. Walipotea kidogo, wakafika. Kwenye mlango uliokuwa na maandishi MKURUGENZI walimkuta bwana mmoja mnene, amekaa nyuma ya meza yenye jina lake, chini ya picha yake mwenyewe akipeana mkono na Waziri.

"Tunamtafuta Mkurugenzi," alisema Bi Mwantumu.

"Hayupo," alisema yule bwana. "Mimi nimejiegesha tu kitini pake."

Bi Mwantumu alimtazama kwa jicho lake dogo. Adabu ile alikuwa hajawahi kukutana nayo akiwa upande wa pili wa meza, na haikumpendeza.

"Basi wewe uliyejiegesha utusaidie. Nimeandikwa mgeni kwenye nyumba yangu."

"Uliandikwa na nani?"

"Nilisema mwenyewe."

"Sasa, mama, serikali itakukanusha vipi?" Alifungua mikono kwa masikitiko. "Utaratibu upo. Utadhaminiwa na mtu mwenye kwake anayetambulika kwenye Ramani Kuu."

"Huyu Maalim ni jirani yangu. Alikuwepo tukichimba msingi."

Yule bwana alibonyeza kompyuta yake. "Huyu naye ni mgeni. Mgeni hamdhamini mgeni."

"Basi nitajie mwenyewe mmoja tu katika nchi hii."

Akabonyeza tena, akaangalia kwa muda mrefu. "Yupo," alisema. "Anakaa Hoteli ya Fahari, ghorofa ya tatu. Ila ni mtu mwenye shughuli nyingi siku hizi."

Alikuwa na shughuli kweli. Nje ya Hoteli ya Fahari taifa lilikuwa limepanga foleni, likingoja Bwana Gunnulf alidhamini kwamba linakaa kwao. Walikuwepo masheikh na mapadri, walikuwepo machifu wa mbari zilizoikuta nchi hiyo ikiwa pori. Bi Mwantumu alikaa chini kwenye ukingo wa barabara na kapu lake, na mashaka yakamshika upya.

"Maalim, nikijitaja, wataniletea nini?"

"Usipojitaja watakutoa. Hilo limeandikwa, na mawingu unayaona."

"Huyu atakayenigongea muhuri, nyuma yake kuna nani?"

"Bi Mwantumu, wewe hata ukipewa maji ya kunywa unauliza yametoka kisima gani."

"Naam. Na sijawahi kuumwa tumbo."

Lakini aliogopa. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya kumwonyesha kwamba aliwahi kuwa na mume. Akaenda kwenye dirisha la kuandikishia pale hotelini, akajiandikisha.

Bwana Gunnulf alifika Mtaa wa Vigae akiwa na muhuri, tarumbeta, wapiga picha na maofisa kutoka kila idara, kwa sababu idara zote sasa zilitembea pamoja. Foleni haikufuatwa; ilianzwa na Mtaa wa Vigae, na Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa wa kwanza katika nchi nzima kuhakikiwa. Alivaa gauni lake la Idi. Maalim Ngwali alikuwa amesimama kwenye mlango wake mwenyewe akisubiri zamu, katika suti aliyostaafia, na mtaa mzima ulikuwa umechungulia.

"Hodi," alisema Bwana Gunnulf, ambaye kufikia hapo alikuwa amejifunza. "Mwenyewe yupo?"

Bi Mwantumu alifungua mdomo, na jibu la babu zake likamjia lenyewe ulimini. Alilimeza. Maofisa walikuwa kimya kupita kiasi, hilo aliliona, na bwana mmoja wa nyuma mwenye mkoba alikuwa akimtazama mikono badala ya uso, hilo nalo aliliona. Lakini kibao kilikuwa pale mlangoni.

"Yupo," alisema. "Ndiye mimi. Mwantumu binti Kisauti. Nyumba hii nimeijenga na marehemu mume wangu."

Hakuwahi kuyatamka maneno hayo kwa sauti mbele ya mgeni. Yalimtoka, akawa kama mtu aliyetua mzigo, na akajikuta anacheka. Sikudhani akampiga picha hapohapo, anacheka. Muhuri ukagongwa, kibao kikang'olewa, na kwenye kishikwambi nukta ya kijivu ikageuka kijani. Tarumbeta ikalia.

Yule bwana mwenye mkoba akasogea. "Bi Mwantumu Kisauti?"

"Ndiye mimi," alisema Bi Mwantumu, maana sasa alikuwa amekwisha kuzoea.

"Pokea barua yako."

Akaipokea. Kwa mkono. Ilikuwa barua ya Barabara ya Heshima, na karatasi yake ilikuwa imeshageuka rangi pembeni kwa kukaa sana kabatini ikimsubiri. Fundi rangi alitokea nyuma ya wapiga tarumbeta, akachora alama ya X nyekundu ukutani, kubwa, ikipita juu ya dirisha.

"Mlisema havihusiani," Bi Mwantumu alisema.

"Na kweli havihusiani, mama," yule bwana alimweleza kwa upole. "Ramani ni ya Wizara ya Anwani. Mimi natoka Wizara ya Ujenzi. Ni kwamba tu siku hizi tunaangalia mahali pamoja."

Bwana Gunnulf hakuyaelewa hayo, au aliona si kazi yake kuyaelewa. Alihamia mlango wa pili. "Hodi. Mwenyewe yupo?"

Maalim Ngwali alirekebisha tai yake. Akaitazama X nyekundu. Akamtazama Bi Mwantumu aliyesimama na barua mkononi, katika gauni la Idi.

"Hayupo," alisema Maalim. "Mimi mgeni tu."

Na mlango wa tatu hivyohivyo, na wa nne, mpaka mwisho wa mtaa. Jioni habari zilifika Hoteli ya Fahari, na ile foleni ikayeyuka kila mtu akasahau alichofuata.

Sasa, mashine haina upendeleo, na hilo Waziri alikuwa amelisifu sana. Vibao viliendelea kupigiliwa kwenye kila nukta ya kijivu, mtaa kwa mtaa, na fundi mmoja mtiifu akafika kwenye nyumba kubwa nyeupe yenye bustani na mizinga miwili, akapigilia kibao getini: MWENYEWE HAYUPO. Ilikuwa ni Ikulu. Sikudhani alipopita huko, mlinzi wa getini alimjibu alivyolelewa.

Mtukufu Rais alikaa faragha na washauri wake. Akisema yeye ndiye mwenyewe, atalazimika kupokea barua mkononi, na barua zilizokuwa zikimsubiri mwenyewe wa nyumba ile, kutoka mahakamani na kwa wajane wa watu, zilijaza chumba. Akikubali kuwa mgeni, aondoke kabla ya mvua. Akafikiri, akapata la kusema, akalisema redioni.

"Wananchi wangu," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa unyenyekevu, "mimi ni mgeni wenu tu. Na kuanzia leo ninaamuru kwamba mgeni yeyote asiondolewe alipo mpaka mwenyewe arudi."

Nchi ilishangilia usiku na mchana. Kila mtu alibaki alipokuwa. Bwana Gunnulf mkataba wake ulikwisha, akarudi kwenye baridi yake na cheti, na nukta yake ikafutwa. Kwenye Ramani Kuu ikabaki nukta moja ya kijani katika nchi nzima, na tingatinga la Wizara ya Ujenzi likaifuata moja kwa moja bila kuuliza njia. Halikupotea hata kona moja. Wizara ya Anwani huutaja ufanisi huo mpaka leo.

Dereva wake, Bwana Chiwanga, alisimamisha mashine mbele ya nyumba yenye X, akashuka, akapiga hodi.

"Karibu," alisema Bi Mwantumu. Alikuwa amekaa jikoni kwake barazani, mbele ya kikaango.

"Mwenyewe nimemkuta?"

Bi Mwantumu aligeuza kitumbua. Aliweza kulisikia jina lake mdomoni, Mwantumu binti Kisauti, na lilikuwa tamu siku ile moja alipolitamka.

"Hayupo," alisema.

Dereva alitoa kishikwambi. "Huyu hapa si wewe?"

"Huyo ndiye mwenyewe. Humwoni anacheka? Mimi nacheka?"

Dereva akaitazama picha, akamtazama yeye. Kwa kweli hawakufanana sana. "Kwa hiyo wewe..."

"Mimi mgeni tu. Na redioni nimesikia kuwa mgeni haondolewi mpaka mwenyewe arudi."

"Nami nimesikia," alisema Bwana Chiwanga, mzaliwa wa nchi hiyo, mtoto wa mama yake. Alifikiri kidogo, akaenda akazima mashine. "Basi nitamsubiri."

Anamsubiri mpaka sasa. Kuku wanataga ndani ya sepeto la tingatinga. Kila asubuhi dereva hununua vitumbua na kuuliza, "Karudi?" naye hujibiwa, "Bado," na jicho lile dogo humchunguza anavyotafuna. Bi Mwantumu anakaa humo ndani kama mgeni anavyopaswa kukaa. Hapigi msumari ukutani, hapaki chokaa, na picha ya harusi ameigeuza ikatazama ukuta, maana dereva anapenda kuingia kuomba maji.

Juzi Zawena alikuja kutoka huko alikoolewa, baada ya kusikia habari nusunusu. Alilizunguka tingatinga, akafika mlangoni na mabegi yake, akaita, "Hodi! Mama yupo?"

Bi Mwantumu alinyanyuka akielekea mlangoni, mikono tayari imefunguka. Akaona kule nje dereva ameacha kutafuna, amegeuza shingo. Mikono ikashuka.

"Hayupo," alimwambia binti yake. "Karibu ndani, tumsubiri."